Kusaka kome wa maji baridi kwa modeli ya makazi: shajara ya mradi, Rungwe na Kyela

Sisi ni kikundi kidogo cha Mbeya: mwalimu wa biolojia ambaye ndiye mwandishi, kijana mmoja fundi wa ramani za kompyuta, na wavuvi wa Kyela wanaotutembeza. Tunatafuta sehemu za mito inayoingia Ziwa Nyasa ambako kome bado wanaishi. Kila hatua ikiisha tunaandika, pamoja na gharama, ili mtu wa Songea au Sumbawanga akitaka kuiga asilazimike kuanza moja.

18 Februari 2024: Kwa nini modeli

Kome wa maji baridi hujizika mchangani au topeni. Nje anaacha matundu mawili tu, la kuvutia maji na la kuyatolea, na mtu anaweza kuvuka mto huohuo kila siku akimkanyaga bila kujua. Mabuu wa kome wengi hawakui mpaka wajishikize kwanza kwenye matamvua au mapezi ya samaki, kwa hiyo samaki akizuiwa na bwawa, uzazi wa kome unakatika hata kama wakubwa bado wako hai chini. Amerika ya Kaskazini ina aina zipatazo 300, na takriban 30 zimeshatoweka kabisa. Wataalamu wa huko wana desturi ya kutengeneza modeli ya makazi kabla ya kuvaa mabuti: unachukua mahali ambako kome walishaonekana, kompyuta inapima mahali hapo pana sifa gani, halafu inakuonesha kwingine kunakofanana napo.

Ziwa Nyasa lina kome wasiopatikana kwingine duniani, mmojawapo *Nyassunio nyassaensis*. Swali letu linahusu mito: Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo. Yote inashuka kwa kasi kutoka nyanda za juu, kisha inatulia ghafla kwenye tambarare ya Kyela kabla ya kuingia ziwani, kwenye mwinuko wa mita 475 hivi. Kupekua kingo zote hatuna fedha wala miguu.

Gharama hadi sasa ni bando la intaneti. QGIS ya ramani, R ya takwimu na MaxEnt ya kutengeneza modeli zote ni programu za bure.

10 Machi 2024: Lebo za makumbusho

Tulipakua rekodi za kome kutoka GBIF, hifadhidata ya kimataifa ya rekodi za viumbe, na kuongeza zile tulizozipata kwenye maandishi ya zamani. Ni chache, na nyingine zimekusanywa kabla GPS haijafikiriwa, kwa hiyo mtu mwingine baadaye alisoma jina la mahali akalipachika kwenye ramani. Hapo ndipo kazi ilipolala kwa muda.

Mfano wa kwanza ni Langenburg. Ukiiuliza kompyuta, inakupeleka Tukuyu, kwa sababu Tukuyu ndiyo iliyokuwa Neu-Langenburg ya Wajerumani. Lakini kabla yake kulikuwa na Langenburg ya kwanza kando ya ziwa, upande wa Matema, na wilaya nzima nayo ikabeba jina hilohilo. Kati ya hizo mbili tofauti ya mwinuko inazidi mita 1,000. Kome wa ufukweni ukimpandisha Tukuyu, modeli itajifunza kwamba anapenda baridi na migomba.

Mfano wa pili unajulikana na kila mtu wa Mbeya. Songwe ni miwili. Mmoja ndio mpaka wetu na Malawi, unaingia Ziwa Nyasa, na maji yake kupitia Shire na Zambezi hufika Bahari ya Hindi. Mwingine unakwenda Ziwa Rukwa, ambalo halina pa kutokea. Samaki wa bonde moja hawakutani na wa bonde lingine, na kome vilevile. Juu yake tangu 2016 kuna Mkoa wa Songwe, kwa hiyo rekodi iliyoandikwa "Songwe" peke yake haikupi kitu.

Tuliongeza safu ya "uhakika" kwenye jedwali. Rekodi inabaki tu kama ina ushahidi wa pili zaidi ya jina: mwinuko, jina la mkusanyaji ambaye safari yake inajulikana, au maelezo kama "ufukweni, mchanga". Zilizokosa tumezitoa. Kijana wetu alinung'unika kwamba nimemtupia nusu ya data, na kweli jedwali limenyauka. Afadhali hivyo.

21 Aprili 2024: Mto wa kompyuta haupiti mtoni

Ili kupata mteremko na ukubwa wa eneo linalomwaga maji kwenye kila kipande cha mto, tulitumia ramani ya mwinuko ya SRTM, iliyopimwa kwa rada kutoka angani Februari 2000, yenye pikseli za mita 30. Milimani ilifanya kazi bila shida. Mabonde ya Rungwe ni ya kina, maji hayana pa kupotelea. Hata Daraja la Mungu, lile jiwe linalovuka Kiwira, halikusumbua, ni jembamba mno kwa pikseli kama hizo.

Tambarare ya Kyela ndiyo iliyotuchezea. Rada ile inagonga vilele vya miti kabla ya kufika ardhini, na Kyela ni miti: mikakao, miembe, michikichi. Shamba la kakao likasomeka kama kilima. Kompyuta ikaukwepesha Mbaka na kuupitisha katikati ya mashamba ya mpunga ambako hakuna hata kijito, kisha vipimo vyote vya "mtoni" vikawa vya mpungani.

Tulichofanya: tulichora mito kwa mkono juu ya picha za satelaiti za Sentinel-2, ambazo pikseli yake ni mita 10, tukashusha mwinuko wa ramani kwa mita 20 kufuata mstari huo, ndipo tukairuhusu kompyuta ihesabu upya. Picha za masika usijisumbue nazo, ni mawingu matupu. Chukua za Juni hadi Oktoba uziunganishe. Kazi hii inachosha macho, lakini usiiruke. Kila kitu kinachofuata kimesimama juu ya mstari huu wa mto.

9 Juni 2024: Modeli ya kwanza, tamu kwenye karatasi

Tuliipa MaxEnt rekodi zilizobaki, tabaka 19 za ramani za hali ya hewa kutoka hifadhidata ya WorldClim, mwinuko na mteremko. Kipimo cha ubora, AUC, kikatoka zaidi ya 0.9, ambapo 1 ni ukamilifu. Tukafurahi jioni moja. Asubuhi tukaifungua ramani: tambarare yote ya Kyela ni nyekundu, yaani "panafaa sana". Modeli ilikuwa imegundua kwamba kome wa Ziwa Nyasa wako chini na kwenye joto. Jambo hilo muuza maandazi wa Kasumulu angetuambia bure.

Hitilafu zilikuwa tatu, zimeshikamana.

Hali ya hewa yenye pikseli ya kilomita moja haina la kusema kuhusu kitako cha mto wenye upana wa mita 15. Tabaka zote 19 tumezitoa. Badala yake tunafanya kazi kwa vipande vya mto, na kila kipande kina mteremko wake, ukubwa wa eneo linalokimwagia maji, umbali kutoka ziwani, na kama kuna maporomoko kati yake na ziwa. Hilo la mwisho ni kwa ajili ya samaki wanaobeba mabuu: asipopanda samaki, kome naye hapandi.

Pili, rekodi zilifuata barabara. Watu huokota magamba darajani, na modeli ikajifunza madaraja. Kawaida MaxEnt hulinganisha mahali pa kome na nukta za nasibu kutoka eneo zima. Sisi tuliibadilishia nukta hizo, tukaipa mahali ambako watafiti wa kichocho walishatafuta konokono. Yule aliyeinama mtoni kusaka konokono alikuwa na jicho la kuona kome pia, na alifika kwa barabara hizohizo, kwa hiyo upendeleo wa barabara unajifuta pande zote mbili.

Tatu, jaribio lenyewe lilikuwa jepesi. Tulificha baadhi ya rekodi kwa nasibu, lakini iliyofichwa ilikuwa hatua chache kutoka iliyoachwa. Tulipoficha mto mzima, tukaitaka modeli ifunzwe na mitatu na kutabiri wa nne, AUC ikaporomoka karibu na 0.5, sawa na kurusha shilingi. Namba hiyo ndiyo ya kweli, na tumeiandika ukutani.

4 Agosti 2024: Ndoo, picha za simu na gamba la jikoni

Karatasi kwanza: barua ya utambulisho kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, nakala kwa mtendaji wa kata, kisha kuripoti kwa mwenyekiti wa kijiji kabla ya kugusa maji. Usiruke ngazi hata moja. Mtu anayepapasa chini ya mto na kuandika kwenye daftari hufikiriwa anatafuta dhahabu.

Kutazama chini ya maji tulitengeneza ndoo ya lita 20, tukakata kitako na kubandika kioo cha plastiki kwa silikoni. Ya kwanza ilivuja siku ileile kwa kuwa silikoni haikupewa muda wa kukauka, na ndoo ilikuwa na mafuta ya kula. Ioshe kwa sabuni, ikwaruze kwa msasa, bandika, iache saa 24. Ndoo 6,000, plastiki 15,000, silikoni 9,000. Maji yakiwa na tope ndoo haisaidii, unabaki na vidole. Mabuti marefu ni lazima kwa sababu ya kichocho. Karibu na midomo ya mito hatuingii majini kabisa, wavuvi walishatuonesha alama za mamba, na hapo hakuna ubishi.

Tuliomba watu watutumie picha za magamba kwa simu. Zikaja nyingi, na karibu zote ni *Corbicula*, kombe mdogo wa mviringo mwenye mistari iliyoinuka kama ngazi, ambaye amejaa tele na hatumtafuti. Nyingine zilikuwa konokono wa bustanini. Tumechapisha kadi yenye picha mbili, "huyu hapana" na "huyu ndiye", na maagizo ya kuweka sarafu ya shilingi 200 kando ya gamba ili ukubwa uonekane. Picha zimepungua, zimekuwa na maana.

Kilichotusogeza mbele hatukukipanga. Kwenye nyumba moja tulikokaribishwa maji ya kunywa, mama mwenye nyumba alikuwa akikwangua ukoko wa sufuria kwa gamba jembamba refu, ukingo wake umeliwa kwa kusugua, upande wa ndani bado unameta kama lulu iliyochafuka masizi. Nikamwamkia, nikauliza limetoka wapi.

"Marahaba, mwanangu. Hili la zamani. Tulikuwa tunayaokota pale chini ya mkuyu tukienda kufua."

"Na sasa, mama?"

"Sasa hamna. Mto ulihama, pale pamejaa mchanga. Ila ule mkuyu wa kule juu haujahama."

Tangu siku hiyo tunauliza jikoni kabla ya kwenda mtoni.

29 Septemba 2024: Kitako kinachotulia

Maneno ya yule mama yalibadilisha modeli kuliko tabaka lolote. Kome anaishi miaka mingi na hawezi kukimbia. Mchanga ukihama kila masika unamfukia au unamsomba. Kwa hiyo tulihitaji kupima utulivu wa mkondo.

Kwa Songwe ilikuwa rahisi. Mto huo unajulikana kwa kuhamahama tambarareni hadi kuchanganya mpaka wa nchi mbili, na picha za satelaiti za Landsat tangu 1984 zinaonesha kona zikikatwa na nyingine kuzaliwa. Tulihesabu kila pikseli imekuwa maji kwa miaka mingapi. Sehemu kubwa ya Songwe ya chini ikapata alama mbaya, na upekuzi wetu huko haukutoa kome hata mmoja aliye hai.

Mbaka na Lufilyo njia hiyo iligoma. Pikseli ya mita 30 ni pana kuliko mto, na pengine miti imefunika maji. Tukajaribu kutambua miti mikubwa ya kingo kwa ukijani wa Sentinel-2 wakati wa kiangazi, tukakumbuka tuko Kyela: kila kitu ni kijani mwaka mzima, mgomba na mkuyu vinasomeka mamoja. Mwishowe tumerudi kwenye kazi ya mikono, kutia nukta kila taji kubwa la mti lililo ukingoni kwenye picha za Google Earth. Mkuyu mnene ukingoni maana yake ukingo huo haujaliwa kwa miongo. Sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni, na mahali inapoheshimiwa unapaona kwenye ramani bila kuambiwa.

24 Novemba 2024: Mvua, na suala la "hatukuona"

Mvua zimeanza, maji ni ya rangi ya chai ya maziwa, tumesimama.

Tulipopitia madaftari tuligundua kwamba "hakuna kome" za siku za maji machafu zilikuwa nyingi mno kulinganisha na za siku za maji maangavu. Tungeziingiza hivyo, modeli ingejifunza uchafu wa maji. Tangu sasa kila kipande kinapekuliwa na watu wawili kila mmoja peke yake, kwa muda uleule, na tunaandika kina ambacho mkono bado unaonekana. Mmoja akiona na mwingine asione, tunapata makadirio ya uwezo wetu wa kuona, na hesabu ya ukaaji waliyoitoa MacKenzie na wenzake 2002 inatenganisha "hayupo" na "yupo, hatukumwona". Mvuvi wetu mzee anawaona kwa nyayo za miguu kuliko sisi kwa ndoo. Hesabu imelikubali hilo bila kuona haya.

17 Agosti 2025: Msimu wa pili

Modeli mpya ina vitu vinne tu: mteremko, utulivu wa ukingo, maporomoko kati ya kipande na ziwa, na umbali kutoka ziwani. Tukificha mto mzima inafanya vizuri kiasi, bado si ya kujivunia. Faida yake kubwa imekuwa kutuondoa mahali: imefuta sehemu kubwa ya urefu wa mito, na tulipopekua vipande vichache vya zile ilizozikataa, kwa makusudi, tulitoka mikono mitupu. Fanya hivyo nawe, la sivyo hutajua kama inakataa kwa haki.

Kwenye kipande kimoja chenye alama ya juu, mahali maji yanapopinda taratibu kwenye mizizi ya mkuyu na kitako ni mfinyanzi uliochanganyika na changarawe, tumepata kome walio hai. Tumewapiga picha, tumewapima, tumewarudisha walivyokuwa, mdomo juu. Magamba matupu ya hapo tumeyafungua bawaba: yana meno, kwa hiyo ni jamii ya Unionidae. Gamba la jikoni lilikuwa na bawaba laini isiyo na meno, jamii ya Iridinidae, ambamo wamo akina *Mutela* na *Chambardia*. Aina kamili itasemwa na mtaalamu, magamba yako njiani kwake. Jina la kijiji hatulitaji, na ramani tutakayowapa watu pikseli zake zimekuzwa hadi kilomita 10. Wanunuzi wa vitu adimu nao husoma.

14 Septemba 2025: Mfereji

Modeli ilishindwa mahali pamoja kwa namna iliyotufundisha. Kwenye skimu ndogo ya umwagiliaji ya mpunga, wakulima walikuwa wamemaliza kusafisha mfereji mkuu. Lundo la tope limepangwa ukingoni, na ndani yake magamba yametokeza, mengine yamefunga kabisa. Nikachukua moja, zito, nikaliweka ndooni. Baada ya muda likaachia kidogo, ukaonekana ukingo wa mguu mweupe.

Kwenye ramani yetu hapo hapakuwa na kitu, kwa sababu tulichora mito tu. Mfereji una kila kinachotakiwa: mteremko mdogo, kingo zisizohama, lango linalozuia mafuriko, na samaki wanaoingia kutoka mtoni. Unakosa kitu kimoja, usalama wa koleo la kila mwaka. Mifereji yote ya skimu sasa tumeichora na kuiingiza kama vipande vya kawaida, na kipande cha mto kilicho juu ya kila mfereji kimepanda daraja kwenye orodha ya kupekuliwa.

Hesabu ya fedha kwa misimu miwili: nauli na bodaboda ndizo zilizokula zaidi, kama 640,000, posho za wavuvi 480,000, mabuti, ndoo na kamba 210,000, kuchapisha kadi 45,000, kutuma magamba 38,000, intaneti 120,000 hivi. Ukianza leo, toa fedha kwenye mabuti ya kifahari uweke kwenye posho za wavuvi.

Mwenyekiti wa skimu amekubali kutupigia simu wiki moja kabla ya usafishaji ujao, ambao kwa kawaida hufanyika kabla ya kuandaa vitalu. Wanafunzi watafuata nyuma ya makoleo na ndoo, waokote, wahesabu, na kuwarudisha kome sehemu ya mfereji iliyokwisha kusafishwa. Aliuliza swali moja tu, kama hao kome wanaharibu mpunga. Tulimjibu kwamba wanachuja maji. Akasema basi wabaki, ila kazi ya kuokota isicheleweshe maji.